Kitabu tunachokingoja nyumbani kwetu

SEHEMU YA 1 KATI YA 5: NI KITABU GANI HICHO?

Mama zangu na dada zangu, na nyie akina baba mnaosomaga kimyakimya bila kugonga laiki. Mmezoea kunikuta hapa nikiongelea homa za watoto, kunyonyesha, chanjo, na jinsi ya kupata usingizi mchana ukitoka zamu ya usiku. Wiki hii mnivumilie. Nataka kuwaambia kuhusu mchezo ambao nyumbani kwetu umekuwa kama ndugu wa sita, na kuhusu toleo lake jipya tunalolingoja kama watu wanavyongoja mwezi wa Idi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi, mtoto wa Tanga. Diploma nilisomea nyumbani, sasa niko wodi ya upasuaji hapa Berlin. Nina mume na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 12, wa pili ana 8, na kitinda mimba wetu ana mwaka na nusu, yule anayeweka kila kitu mdomoni.

Mchezo wenyewe unaitwa Space: 1889. Si wa kwenye simu, si wa kwenye televisheni. Ni kitabu, kalamu, karatasi, dadu na watu waliokaa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mko wapi na mmekutana na nini. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pakiwa na jambo la kubahatisha, dadu zinarushwa. Basi. Wale mliocheza baba na mama utotoni, mkapika ugali wa mchanga kwenye vifuu, mmeshaelewa. Ni mchezo uleule, ila huu una kanuni zilizoandikwa ili wasigombane nani kamfanyia nini nani.

Aliyeubuni ni Mmarekani, Frank Chadwick. Ulitoka mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia kampuni yao ya GDW ya jimbo la Illinois, ambayo ilifunga milango mwaka 1996. Kwa kawaida kampuni ikifa na michezo yake inazikwa nayo. Huu ulikataa. Mwaka 2010 ukatoka tena Marekani kwa kanuni tofauti, na mwaka 2012 kampuni ya Uhrwerk ikautoa kwa Kijerumani, ukiwa umeandikwa upya. Hilo toleo la Kijerumani ndo tulilonalo sisi. Baba watoto aliazimwa na kaka mmoja wa Kijerumani tunayefanya naye kazi wodini. Kuazimwa kukageuka kuwa "kaeni nacho tu", maana alipokuja kukichukua aliwakuta watoto wamechora ramani ya Mirihi nyuma ya mlango wa choo.

Sasa tangu tusikie toleo jipya linaandaliwa, nyumbani hakukaliki. Kuna kopo la sarafu juu ya friji. Mkubwa anaweka anachobakiza kwenye hela ya shule, wa pili anaweka hata vifungo vya shati. Kila jioni mtu anauliza, "Mama, kimetoka?"

Mkiniona nimeandika sehemu tano kwa ajili ya kitabu, mjue kuna sababu. Humo ndani kuna jambo la nyumbani kwetu Tanga ambalo sikutegemea kulikuta kwenye mchezo. Kesho tuanze na hadithi yake.

SEHEMU YA 2 KATI YA 5: SAYANSI ILIYOKOSEA NA WATOTO WALIOIPENDA

Jana mmeniuliza, mbona mwaka 1889? Tuanzie hapo.

Mchezo unachukua dunia ya zama za Malkia Victoria wa Uingereza, halafu unasema: tuchukulie yale wasomi wa zama zile waliyoyawaza kuhusu anga yalikuwa kweli. Basi, ndo kanuni yake kuu. Wakati ule wasomi wengi waliamini mwanga hauwezi kusafiri patupu, kwamba lazima pawe na kitu unachopita ndani yake kama sauti inavyopita hewani. Kitu hicho wakakiita etha. Kwenye mchezo etha ipo kweli, na Thomas Edison, yule wa taa za umeme, anaunda chombo kinachosukuma etha kama pangaboi la meli linavyosukuma maji. Mwaka 1870 anafika Mirihi. Ikifika 1889 mataifa ya Ulaya yameshajazana huko.

Mirihi ya mchezo ina mifereji mirefu iliyochimbwa na watu wa kale, miji mikongwe kandokando yake, na majahazi yanayoelea angani kwa sababu kuna mti ambao mbao zake hazivutwi chini. Zuhura ni misitu ya joto na matope yenye mijusi mikubwa ya kale. Utaridi upande mmoja unaungua, mwingine umeganda, na maisha yako pale katikati kwenye magharibi isiyokwisha.

Watoto wangu walipenda majahazi. Mimi nilipenda kitu kingine. Kila ukurasa unakupa nafasi ya kumuuliza mtoto, "Unadhani ni kweli?" Halafu mnatafuta pamoja.

Ile mifereji, kwa mfano. Mwaka 1877 mtaalamu wa nyota wa Italia, Giovanni Schiaparelli, aliona kwa darubini mistari juu ya Mirihi akaiita canali, neno ambalo kwa Kitaliano linaweza kuwa mkondo wowote wa maji, hata wa asili. Waingereza wakalitafsiri kama mifereji iliyochimbwa. Kama imechimbwa, yupo aliyeichimba! Neno moja limetafsiriwa vibaya, sayari nzima ikapata wakazi. Wa pili wangu, ambaye anatafsiri kati ya bibi yake na rafiki zake kila siku kwenye simu, alicheka mpaka akapaliwa. Alielewa haraka kuliko mimi.

Mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi kikatuma picha. Mashimo na vumbi, mfereji hata mmoja hakuna. Zuhura nayo tumejua uso wake una joto la kama nyuzi 460, hapana msitu wala mjusi. Na ile etha, Michelson na Morley waliipima kwa makini kule Marekani mwaka 1887 wasiikute, na bado watu waliendelea kuiamini kwa miaka mingi.

Siku tuliyoongea hayo, mkubwa alisema jambo ambalo nililibeba mpaka kazini. "Kumbe hata wasomi wanaweza kuona kitu kwa sababu wanataka kukiona." Mama zangu, huyo ni mtoto wa miaka 12. Sisi wauguzi tunafundishwa hivyohivyo: pima, andika, pima tena, usiandike joto ulilotegemea kulikuta. Na wala sikuwa nimemfundisha. Kakipata kwenye mchezo wa majahazi ya angani.

SEHEMU YA 3 KATI YA 5: TUNACHEZAJE NA HIZI ZAMU ZETU

Leo ni ya vitendo, maana wengi mmeniambia, "Dada, muda uko wapi?"

Muda hauko. Mimi nafanya zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, baba watoto anaendesha basi. Kuna wiki tunaonana mlangoni tu, mmoja anavaa viatu mwingine anavua. Tumekubaliana hivi: siku moja kwa wiki, yoyote ambayo wote tupo, saa moja na nusu baada ya chakula. Simu zote zinalala kwenye kikapu cha mkate, pamoja na zetu. Baba watoto ndo msimulizi. Anaanza na "Paukwa!" wao wanaitikia "Pakawa!" na hapo tumeshaondoka Berlin.

Kanuni za toleo tulilonalo ni nyepesi, na nazipenda kwa sababu moja. Hazijali dadu ina namba gani, zinajali kama namba hiyo ni shufwa au witiri. Unarusha dadu zako, unahesabu shufwa ngapi. Shufwa ni mafanikio, witiri si kitu. Wa pili wangu aliingia darasa la pili hapa bila kujua maneno hayo kwa Kiswahili. Sasa anayapiga kelele mezani, "Shufwa tatu! Shufwa tatu!" mpaka jirani wa chini amemuuliza shufwa ni nani.

Kuna na kanuni nyingine: kama jambo ni dogo kuliko uwezo wa kawaida wa mhusika wako, huna haja ya kurusha dadu, unalifanya tu. Nahodha harushi dadu kufunga kamba. Hiyo nimeipenda kama muuguzi. Kuchoma sindano leo sihitaji bahati, nahitaji kile nilichokirudia mara elfu.

Faida nyingine ni lugha. Watoto wetu wa huku wanaongea Kijerumani kutwa nzima. Kiswahili kinabaki cha "kula", "lala", "vaa koti". Mezani hapa kinapata kazi. Mkubwa lazima ambembeleze mlinzi wa lango, amdanganye mfanyabiashara, aombe radhi kwa mzee aliyemkosea. Huwezi kuyafanya hayo kwa "kula" na "lala". Alipokwama juzi akitafuta neno la kumtuliza mtu mwenye hasira, baba yake akampa "samahani mzee wangu, tupunguze jazba." Keshokutwa yake nikamsikia anamwambia mdogo wake, "Tupunguze jazba."

Na skrini? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto chini ya miaka 2 skrini ya kukaa na kutazama haipendekezwi, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Siwasemi mama wanaowasha katuni ili wapike. Na mimi nawasha. Ila mtoto anahitaji kuongea na mtu anayemjibu, na mchezo huu ni kuongea mwanzo mwisho.

Sasa kengele ya muuguzi. Dadu ni ndogo na ngumu, na ni hatari kwa mtoto chini ya miaka 3. Za kwetu tunazihesabu kabla na baada, saba zinatoka kwenye mfuko, saba zinarudi. Mtoto akikabwa na kitu na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akiwa hawezi kulia wala kukohoa vizuri, ita msaada na anza. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mpige mapigo 5 katikati ya mgongo. Kisha mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Tumbo la mtoto mchanga usilibonyeze. Aliyevuka mwaka, mapigo 5 mgongoni, kisha simama nyuma yake, mkumbatie na umbonyeze juu ya kitovu kwa ndani na juu, mara 5. Rudia mpaka kitoke. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma mbali zaidi. Akizimia, anza kumfufua, na ambulansi iwe imeshapigiwa. Hifadhini hiyo, mtumieni na dada wa kazi na bibi.

SEHEMU YA 4 KATI YA 5: MAMA YANGU ALIPOUSIKIA MWAKA

Hii ndo sehemu niliyowaahidi.

Jumapili moja nilikuwa naongea na mama kwa simu ya video. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hao wajukuu wangu wanapigia nini kelele?" Nikamwelezea mchezo, majahazi, Mirihi, toleo jipya tunalolingoja. Anasikiliza, anacheka. Nikataja mwaka. Mama akanyamaza. Halafu akasema, "Huo mwaka si ndo walomnyonga Bushiri pale Pangani? Na nyie mko kwao hukohuko mnauchezea?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Kwa wasioijua, niieleze kama tulivyosoma na kama wazee wanavyosema. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kuchukua miji ya pwani ya Mrima kwa mkataba iliyofunga na Sultani wa Zanzibar. Pale Pangani ofisa wao, Emil von Zelewski, aliwatendea watu kwa dharau. Mji ukakataa. Abushiri bin Salim akasimama mbele Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na pwani karibu yote ikawaka. Kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi. Mwaka 1889 alirudi mji kwa mji na mizinga. Julai alichukua Pangani. Desemba Abushiri akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani.

Bibi yangu mzaa mama ni wa Pangani. Kwa mama yangu hiyo si historia ya kitabuni, ni jambo lililompata jirani.

Nilipokata simu nilikirudia kitabu kwa macho mengine. Kwenye mchezo Waingereza wana koloni lao Mirihi, kwenye mji wa Syrtis Major. Wajerumani wako Zuhura. Wabelgiji wako Coprates, na waandishi wamewaonesha wakiwatesa wenyeji vibaya sana. Anayeijua Kongo ya Mfalme Leopold atakielewa kidokezo hicho mara moja. Kwa hiyo siwezi kusema waandishi hawakujua. Walijua. Ila picha kubwa za kitabu ni za wageni: mgunduzi mwenye kofia, ofisa wa jeshi, profesa na darubini yake. Wenyeji wanasimama pembeni ya picha wameshika taa.

Na toleo la kwanza la mchezo lilimpa kila mhusika namba sita za kumweleza: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, mvuto, na ya sita hadhi yake katika jamii. Hadhi imeandikwa kama namba! Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, maana naijua hiyo namba. Nilivyofika hapa na diploma yangu na miaka yangu ya kazi, nilikuwa msaidizi mpaka karatasi zikubalike na mtihani wa lugha wa kiwango cha B2 upite. Mikono ilikuwa ileile. Namba ndo ilikuwa bado haijapanda.

Jioni ile mkubwa akaja na ramani ya mchezo, akaiweka mbele yangu, akauliza, "Mama, humu sisi tuko upande gani?"

Baba watoto akanitazama. Mimi nikaitazama ramani. Tungeweza kukifunga kitabu tukakirudisha kwa mwenyewe, na kopo la sarafu tukanunulia pizza. Nilimwambia kijana, "Nipe mpaka kesho."

SEHEMU YA 5 KATI YA 5: TULICHOAMUA, NA NINACHOKINGOJA

Kesho yake sikumpa jibu, nilimpeleka matembezi. Hapa Neukölln kulikuwa na mtaa uliobeba jina la Wissmann, yuleyule. Wakazi walidai kwa miaka, na mwaka 2021 jina likabadilishwa. Sasa unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mama zangu! Binti wa Kilimanjaro, aliyesomea uuguzi kabla ya kuingia kwenye siasa za uhuru, akawa mbunge na miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika wadhifa serikalini kwetu. Jina la muuguzi wa Kitanzania limekaa palipokuwa na jina la yule bwana wa mizinga, na watu wanalisoma wakitafuta namba ya nyumba.

Tulisimama pale na baridi yetu nikamweleza Pangani yote, kama mama alivyonieleza. Nikamwambia pia kwamba vita ile haikuandikwa na Wajerumani peke yao. Mshairi wa Tanga, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliitungia utenzi kwa Kiswahili, Utenzi wa Vita vya Wadachi, na mpaka leo unasomwa. Waliopigwa na wenyewe walishika kalamu.

Kijana akauliza, "Kwa hiyo naweza kuwa mtu wa Pangani kwenye mchezo?"

Nikamwambia, hakuna ukurasa unaokukataza.

Akatengeneza mhusika wake usiku uleule. Nahodha wa jahazi, mtu wa Pangani, ameondoka baada ya mji kuchukuliwa, akapata kazi Mirihi kwa sababu anaujua upepo kuliko wote. Mdogo wake akakataa kuwa binadamu kabisa, akasema yeye ni binti wa mifereji, mwenyeji wa Mirihi, na ana mbuzi. Mimi nikabaki muuguzi. Hata Mirihi nafanya kazi ileile.

Wiki iliyofuata baba yao akatupeleka Coprates. Ofisa wa Kibelgiji kaja na karatasi, anataka wazee wa kijiji waweke alama chini. Karatasi iko kwa lugha wasiyoijua. Nyumba ikawa kimya. Ndivyo kweli ilivyokuwa. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na jirani zake akikusanya mikataba ya namna hiyo, na mapema 1885, hapahapa Berlin, akapewa hati ya serikali kwa ajili yake.

Nahodha akasimama akasema, "Wazee wangu, msiweke alama mpaka isomwe kwa lugha yenu, na mtu wenu ndo aisome."

Mama zangu, mimi nilinyamaza. Wodini kwetu kila siku kuna karatasi ya ridhaa ya upasuaji. Mgonjwa akiwa hajui Kijerumani, anatafutiwa mkalimani, daktari anaeleza, mgonjwa anauliza, ndipo anasaini. Nimeshaitwa mara kadhaa nikae na mama wa Kiswahili ambaye alikuwa tayari kusaini chochote kwa sababu aliogopa kuonekana mjinga. Huwa namwambia, "Dada, uliza. Ni mwili wako." Kijana wangu hajawahi kuingia wodini. Kumbe ananisikiliza nikisimulia.

Ili wazee wamkubalie alihitaji shufwa nne. Akarusha. Zikatoka tatu.

Akainamisha kichwa. Baba yake hakumhurumia, na nilimpenda kwa hilo. Akasema, "Wazee wameogopa bunduki. Wameweka alama. Sasa mnafanyaje?" Wa pili, bila kupepesa macho: "Usiku mbuzi wangu ataila hiyo karatasi." Tulicheka mpaka kitinda mimba akaamka. Na ndivyo ilivyokuwa, mbuzi akarushiwa dadu zake, zikatoka shufwa tupu.

Nilimtumia mama habari hiyo kwa sauti. Akajibu kwa sauti pia, nusu yake ni kicheko. Halafu mwishoni: "Basi wachezeni, lakini mwambie nahodha asisahau alikotoka."

Sasa toleo jipya. Haya ndo ninayoyangoja mimi, achana na majahazi mapya wanayoyangoja wao. Nangoja kufungua kurasa za mwanzo nikute mwenyeji wa Mirihi ana jina, ana mji, ana kazi na ana sababu zake, na mtoto anaweza kumchagua bila kuomba ruhusa. Nangoja ramani yenye majina waliyoyatoa wanaoishi pale, hata kama yako pembeni ya yale ya wageni. Nangoja sayansi ileile ya zamani iliyokosea, wasiisafishe, maana humo ndo watoto wanajifunza kuuliza. Na nangoja maneno mepesi, ili wa miaka 8 asome mwenyewe.

Kisipokuja na hayo nitakinunua vilevile. Kopo limeshajaa, na kuna vifungo vya kutosha kushona shati zima. Mchezo wa namna hii mwandishi anauandika nusu, nusu nyingine inaandikwa na waliokaa mezani. Sisi nusu yetu tumeshaanza, na bibi wa Tanga ni mmoja wa waandishi.

Kwa mama anayesema hana kitabu, hana hela na hayuko Berlin: huhitaji. Chukua dadu mbili za ludo, karatasi ya daftari na penseli. Mtoto wa miaka 6 na kuendelea anaweza. Muulize maswali matatu: Wewe ni nani? Uko wapi? Unataka nini? Halafu mwekee kizuizi kimoja mbele yake, mto uliofurika au simba aliyelala mlangoni, na umuulize, "Sasa unafanyaje?" Shufwa amefanikiwa, witiri kuna jambo limetokea. Usimkimbilize. Mwache afikiri, hata akikaa kimya dakika nzima.

Wa kwanza kunitumia jina la mhusika wa mtoto wake, nitampa wa pili wangu amchoree mbuzi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kazi yetu: kuhara kwa watoto na maji ya chumvichumvi, maana mmeniandikia wengi na msimu ndo huu. Mlale salama, na walio zamu ya usiku, poleni na kazi.